Simu ya Upande wa Pili

Ukumbi wa halmashauri ulijaa siku hiyo mpaka madirishani, na wote waliojazana mle walitaka kitu kimoja: kuiona chemchemi. Si chemchemi yenyewe, jamani, mfano wake tu, uliotengenezwa kwa plastiki na kuwekwa chini ya kioo kwenye meza ya meya. Lakini mji ambao mabomba yake hukohoa hewa siku nyingi kuliko yanavyotoa maji, ukiambiwa utajengewa maji ya kuruka angani pale kwenye mzunguko wa barabara kuu, utakaa nyumbani? Watu walikuja kuona kwa macho yao.

Mbona naye alikuja, tena kikazi. Mbona si jina la cheti. Mama yake ndiye aliyembandika tangu utotoni, kwa sababu mtoto hakuweza kumeza tonge bila kuuliza mbona hili, mbona lile. Alipokua, gazeti la mji likamwajiri afanye hivyo hivyo kwa mshahara. Siku hiyo alivaa gauni la rangi ya haradali na viatu bapa vya kukimbizia habari, nywele kazifunga juu na kuzichomeka kalamu. Alipoona migongo ya watu imemziba, akavuta kiti cha plastiki akapanda juu.

"Dada, kiti hicho mguu wake mmoja ni mgonjwa," sauti ya mwanamume ikasema chini yake.

"Basi kishike, kaka, badala ya kunitangazia."

Akakishika kweli. Mbona alitupa jicho akaona shati jeupe lililokunjwa mikono mpaka viwikoni, na chini ya suruali iliyopigwa pasi, mabuti yaliyoganda matope. Akajiuliza ni mtu wa namna gani anayevaa hivyo kuja mkutanoni.

"Unaona nini huko juu?"

"Bata."

"Bata?"

"Bata wawili wa plastiki wanaogelea kwenye chemchemi ya meya. Mbona wauza mboga wa sokoni hawana hata maji ya kunawa mikono, halafu bata waogelee? Aliyechora hiki kitu hajawahi kubeba ndoo kichwani, nakuapia."

Yule mwanamume akakohoa. "Bata hakuwachora yeye. Waliongezwa."

"Wewe umejuaje?"

Kipaza sauti ndicho kilichomjibu. "Sasa namwomba injinia wa mji apite mbele atueleze mchoro wake," akasema meya, na mikono iliyoshika kiti ikaachia. Kiti, ambacho hakikusingiziwa, kikaenda upande. Injinia akamwahi Mbona kiwiko kabla hajawaangukia watu wa mstari wa mbele.

"Samahani, dada. Naitwa mimi."

Mbona alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Akabaki pale anaandika maelezo, na kila alipoinua uso alikuta macho ya Injinia yanamtazama kwa kicheko kilichobanwa. Kesho yake simu ikaita.

"Nakupigia kuhusu bata."

Akaijua sauti papo hapo. "Namba yangu umeitoa wapi?"

"Iko chini ya kila habari unayoandika. Mji mzima unayo. Nilidhani nitakuta foleni."

"Foleni ipo. Wewe ni wa mwisho."

"Nitasubiri, dada yangu. Mimi mtu wa halmashauri, nimezoea kuwasubirisha wenzangu. Acha na mimi nionje."

Mbona akacheka mpaka wenzake wakageuka. Mapenzi ni kikohozi, wahenga walishasema, na haya yalikohoa mapema. Haukupita muda mrefu Injinia akawa anajua kwamba Mbona hula maganda ya mkate kwanza na kuacha katikati, na Mbona akawa anajua kwamba Injinia hawezi kupita kwenye shimo la barabara bila kusimama na kulitazama kama daktari. Walitembea jioni, yeye akiuliza, mwenzake akieleza: kwa nini barabara huinuliwa katikati, maji ya mvua huenda wapi, nani hulala macho mto ukifura. Mbona hakuwahi kukutana na mtu asiyechoka kuulizwa. Hilo ndilo lililommaliza, nawaambieni ukweli, wala si mabega.

Ila alikuwa na wasiwasi, na siku moja mgahawani akautoa. "Tuwekeane sharti. Mimi naandika habari za halmashauri. Wewe ni halmashauri. Watu wakijua, watasema nakupendelea."

"Nipendelee basi, nione utamu wake."

"Sitanii! Nikiwa na swali la kazi nitapiga ofisini kwako, simu ya mezani. Hii ya mkononi ni ya mimi na wewe. Humo hakuna meya, hakuna bajeti, hakuna mfereji."

"Na nikiwa na neno la kazi linanikaba kooni?"

"Ulimeze mpaka uulizwe."

Injinia aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa, akanyoosha mkono. Wakapeana mikono kama wafanyabiashara. "Haya, kipenzi. Nimekubali."

Sasa ngojeni niwaeleze desturi ya gazeti lile, maana bila hiyo hamtanielewa. Mhariri wake alikuwa mwanamke mwembamba aliyechukia sentensi ndefu, ndiyo maana wakamwita Bibi Nukta. Yeye alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna mtu anayetajwa kwa ubaya gazetini kabla hajapigiwa simu akasikilizwa. Waliiita simu ya upande wa pili. Usipompata, unatafuta tena na tena, unamwendea nyumbani, unamuuliza jirani. Ukurasa ukifungwa jioni bado hujampata, ndipo unaruhusiwa kuandika: hakupatikana.

Mvua za masika zikaja. Mifereji ya sokoni, iliyokuwa imeziba tangu enzi za meya aliyepita, ikatapika. Vibanda vikaingia maji, vitunguu vikaelea, na watu wakaanza kuuliza kwa hasira: mbona fungu la mwaka huu linakwenda kwenye chemchemi badala ya mifereji? Meya akawaita waandishi.

"Ndugu zangu, si mimi," akasema, kavaa suti ya kijivu na tai inayong'aa, mikono kifuani. "Sisi viongozi tunafuata ushauri wa kitaalamu. Injinia wa mji ndiye aliyetupangia kipi kitangulie."

Kalamu ya Mbona ikasimama. Injinia? Injinia wake, anayesimama kuyatazama mashimo? Hakuamini. Halafu akaamini kidogo, na hicho kidogo kikamuuma kuliko yote. Alirudi chumba cha habari akapiga simu ya mezani ya ofisi ya Injinia. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, na tena.

"Injinia kasemaje?" akauliza Bibi Nukta.

"Hapokei."

"Ya mkononi huna?"

Mbona akatazama kibodi. "Ya kazi ni hii tu."

Ilikuwa kweli kwa sharti lao, na uongo kwa mtu mwingine yeyote. Bibi Nukta akarudi kwenye meza yake. Ukurasa ulikuwa bado wazi pale simu ya mkononi ya Mbona ilipotetemeka. Akakimbilia nayo kwenye korido.

"Umekula, roho yangu?"

"Bado. Mbona sauti yako inatetemeka?"

"Nimelowa chapachapa. Nimeshinda mferejini sokoni na mafundi wangu, tunazibua kwa mikono. Ofisini hata sijakanyaga leo. Soksi zangu ukizikamua utajaza birika."

"Pole, mpenzi."

Swali lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Ni wewe uliyepanga? Maneno matatu tu. Lakini akajiambia kwamba akiuliza kwenye simu hii atajibiwa na mpenzi, si na injinia wa mji, na haitakuwa haki kwa wasomaji. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Chini ya hapo kulikuwa na jambo jingine: aliliogopa jibu.

"Badili nguo usije ukaumwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akarudi mezani, akaandika mstari wa mwisho, ukurasa ukafungwa.

Asubuhi kichwa cha habari kilikuwa kikubwa kama bango la sinema: CHEMCHEMI KWANZA, NI USHAURI WA INJINIA. Na mwisho kabisa: Injinia hakupatikana alipotafutwa. Mbona alikuwa bado anafunga viatu simu ilipoita.

"Sikupatikana?" Hapakuwa na salamu.

"Nilipiga ofisini mpaka sikio likaniuma..."

"Nilikwambia kwa mdomo wangu kwamba ofisini sikufika! Tumeongea kuhusu soksi, Mbona. Soksi zangu zimepata nafasi ya kusikilizwa, mimi sikupata."

"Tulikuwa na sharti. Tulisema tusichanganye."

"Tulisema tusichanganye kazi na mapenzi. Hatukusema kwamba ukinipenda, nipoteze haki anayopewa hata mwizi wa kuku. Ningekuwa mtu baki ungenitafuta mpaka mvunguni mwa kitanda. Ungekuja mferejini na viatu vyako. Kwangu mimi uliridhika na simu inayoita chumba kitupu."

Mbona alifungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa lile la jana. "Basi niambie sasa. Ni wewe uliyepanga?"

"Leo ndiyo unauliza? Soma gazeti."

Simu ikakatika. Ikabaki imekatika. Pale sokoni alipokuwa anasalimiwa kwa majina ya mapenzi, Injinia alipita siku hiyo watu wakamgeuzia visogo. Meya akalipunga gazeti mbele ya madiwani: mmeona, hata waandishi wanasema ni yeye. Kabla ya wiki kwisha akahamishiwa idara ya bustani, kusimamia umwagiliaji wa maua ya barabarani. Fundi wa mito na madaraja, jamani, anapewa mpira wa kumwagilia.

Nyumbani mama hakumwonea huruma. "Mkwe wangu Hakupatikana hajambo?"

"Mama, usinitanie."

"Nakutania nini? Mtu anayekupigia kuuliza kama umekula, huyo kapatikana, mwanangu. Wewe ndiye hukupatikana." Akaendelea kuchambua mchele. "Na tangu lini binti yangu akaogopa kuuliza?"

Maneno ya mama yalimlaza macho wazi. Kulipokucha akafanya kile ambacho angepaswa kukifanya mwanzo: akavaa mabuti ya mvua akaenda kumtafuta diwani wa soko, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye duka la vitambaa. Alimkuta juu ya ngazi anahamisha majora ya hariri kutoka rafu za chini zilizolowa.

"Mama diwani, kwenye kamati ya kupanga bajeti ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, nikaondoka na harufu." Akashuka, akacheka mpaka ngazi ikacheza. "Kile kikao kilifungwa, waandishi hamkuingizwa. Meya kaleta chemchemi yake na bata wake. Zamu ya Injinia ikafika. Hakusema neno. Alitoka nje, akarudi na ndoo ya matope ya mfereji wa sokoni, akaitua juu ya meza, pwaa! Akasema, waheshimiwa, hii ndiyo chemchemi tuliyonayo, tuizibue hii kwanza. Mimi niliambiwa nichore, nimechora. Sikuambiwa nidanganye. Meya kajifunika pua kwa tai."

Mbona akakaa juu ya jora. "Mbona hamkusema?"

"Nani aliuliza, mwanangu? Kazi ya kuuliza si yako?"

Lo! Ndipo alipoyaona yote. Mwanamume yule alirudi kutoka kwenye kikao kile akakaa naye mgahawani, jambo limemkaba kooni, akalimeza kama alivyoagizwa. Alilishika sharti mpaka likamchoma. Na yeye Mbona, mwenye sharti lake, alilitumia kujifichia.

Alirudi chumba cha habari akaandika marekebisho. Sasa, marekebisho pale huwekwa ukurasa wa ndani kabisa, kwenye kona, karibu na matangazo ya makochi yaliyotumika. Mbona akampelekea Bibi Nukta karatasi na kusema, "Hii iende ukurasa wa kwanza. Mahali pale pale, ukubwa ule ule."

Bibi Nukta akasoma. Ndoo ya matope ilikuwemo, kwa kauli ya diwani. Maneno ya meya yalikuwemo pia, maana safari hii alikuwa amepigiwa, akajibu kwamba hakumbuki ndoo yoyote. Mwisho palikuwa na haya: Tuliandika kwamba Injinia hakupatikana. Si kweli. Mwandishi alikuwa na namba yake nyingine. Aliongea naye jioni ile ile. Hakumuuliza. Mwandishi na Injinia ni wapenzi.

Bibi Nukta akavua miwani. "Unajua nikiichapa hii unalipoteza dawati la halmashauri? Mtu hawezi kuuandika mji huku anampenda injinia wake."

"Najua."

"Dawati ulilolisotea miaka."

"Najua, mama. Lakini tulimtaja mtu bila kumsikiliza, nami ndiye niliyejua alipo." Machozi yakamtangulia. "Naipenda kazi hii. Nisiposahihisha, ninayoipenda sitakuwa nayo tena, hata nikibaki kwenye kiti."

Mhariri akaichukua kalamu nyekundu. Ilikaa juu ya karatasi muda mrefu, kisha akaiweka chini bila kukata hata neno. "Mara ya kwanza umeniletea sentensi fupi," akasema. "Kesho utaanza ukurasa wa michezo."

Siku gazeti lilipotoka, wafanyabiashara wa soko walikuja halmashauri, kila mmoja na ndoo yake ya matope, wakazipanga kwenye ngazi za meya mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Madiwani wakakaa tena, safari hii milango wazi. Chemchemi haikufutwa, msidhani siasa ni nyepesi hivyo. Iliahirishwa mpaka bajeti nyingine, na mifereji ikatangulia. Injinia akarudishwa kwenye meza yake. Mfano wa plastiki ulifunikwa kitambaa, na wanaoingia ukumbini hukifunua kidogo kuchungulia bata.

Kwa Mbona simu haikuita. Alimtumia ujumbe mmoja tu: Nisamehe, niliogopa jibu. Haukujibiwa. Akaenda viwanjani na daftari lake, asiyejua kuotea ni nini, akawauliza makocha maswali yaliyowafanya wakune vichwa. Mbona yule anakimbia pembeni peke yake? Mbona kipa hachoki kupiga kelele? Mchana alicheka na wenzake. Akifika kwenye mgahawa ule, alivuka barabara.

Mpaka siku moja, chumba cha habari kikiwa kimechangamka kwa kazi, simu ya mezani ya Bibi Nukta ikaita. Akasikiliza, nyusi zikapanda, akauziba mkonga kwa kiganja.

"Mwandishi wa michezo! Kuna mtu anasema ana habari anayotaka kuithibitisha kabla haijatoka."

Mbona akaja akiwa na kalamu mkononi. "Haloo, michezo."

"Habari za kazi, dada. Napiga simu ya upande wa pili."

Kalamu ikamponyoka. Ile sauti.

"Upande wa pili wa nini?" akauliza kwa shida.

"Kuna habari imeenea mjini kwamba injinia mmoja anataka kumuoa mwandishi mmoja. Nimeona si haki itoke kabla mhusika hajaulizwa. Nimepiga kwenye namba ya ofisi, maana hili ni jambo zito, na nitapiga na ile nyingine, na nisipompata nitakwenda hadi viwanjani. Sitaandika hakupatikana."

Mbona akafuta uso kwa mkono wa gauni. Lilikuwa lile la rangi ya haradali. Vidole vya chumba kizima sasa vilisimama juu ya vibodi.

"Mbona ulinyamaza muda wote huo?" Akashindwa kuuzuia uchungu usitoke. "Mbona hukunijibu?"

"Niliumia, kipenzi. Nililisoma gazeti lako, nikaona ulichokitoa kwa ajili yangu, nikaumia zaidi. Nikasema huyu nikimrudia kwa hasira nitamvunja. Nikasubiri ipoe. Imepoa."

"Na sharti?"

"Sharti jipya. Ukiwa na swali, niulize. Simu yoyote. Hata kama unaliogopa jibu. Hapo ndipo uniulize haraka."

"Mama je? Umemuuliza?"

"Nilianza kwake. Amenipa uji, akaniita Hakupatikana. Kanituma nikuambie uache kuuliza maswali, mchele umeshachambuliwa."

Mbona akacheka huku analia, mambo mawili kwa pumzi moja. Akajaza kifua hewa, ana maswali mia yamejipanga: lini, wapi, mbona leo.

"Jibu kwa kifupi," akasema Bibi Nukta nyuma yake. "Ukurasa unafungwa."

"Ndiyo," akasema Mbona.

"Nukta hapo," akasema mhariri. "Usiongeze kitu."